Mikanda ya Studio Anyosisye

Tukuyu mvua haibishi hodi.
Imeingia hadi kwenye makopo ya maziwa ya unga
alimofungia baba mikanda yake,
miaka thelathini ya watu waliokuja kupigwa
wamejipaka mafuta hadi magotini.

Nakunjua mmoja, nauinua dirishani:
bibi harusi, gauni jeusi, uso mweupe,
meno kama mbegu za papai.
Hivi ndivyo baba alivyotujua kwanza, kinyume.
Ndipo akatusafisha.

Sasa natafuta mashine ya kuwatoa humo.

Mwanjelwa, kijana wa vifaa vya mtumba
ananionyesha skana bapa, kioo kipana kama sinia.
"Hii, dada, inameza kumi na mbili kwa mpigo."
Nauliza kama kifuniko kina taa,
maana mkanda hausomwi kwa mwanga wa kuuangukia,
husomwa kwa mwanga wa kuupenya.
Anafungua, anachungulia, anafunga taratibu
kama mgeni aliyefunua chungu akakuta maji.

Nyingine iko Dar, itapanda basi la usiku,
ndogo kama tofali, bei ya ng'ombe wawili wa maziwa.
Huvuta picha moja moja kwa meno yake,
dakika nne kila picha.
Nimepiga hesabu: picha elfu kumi na moja,
masika mawili, umeme ukikubali.
"Na vumbi inafuta yenyewe," muuzaji ananiandikia,
"kwa mwanga usioonekana."

Lugano wa chumba cha eksirei, hospitali ya misheni,
anacheka kwa pua. Mwanga huo, anasema,
ni wa mikanda ya rangi. Ya nyeusi na nyeupe ni ya fedha
(fedha kweli, ndiyo pekee baba aliyoniachia)
na mashine ikikuta fedha hudhani ni uchafu.
Itamwona bibi harusi ni vumbi.
Itamfuta.

Ipo pia ya bure: simu yangu juu ya ndoo,
taa ndani, karatasi nyeupe katikati.
Nilijaribu kwa slaidi za yule nesi wa Kideni.
Zimegeuka nyekundu, mashamba ya chai yote
kama yanaungua, na wachumaji hawana habari.
Na kivuli cha kidole changu kila kona.

Nikauza ng'ombe mmoja, nikakopa wa pili.
Nimechukua ile ya polepole.
Kitufe cha vumbi nimekibandika plasta;
vumbi naliondoa kwa brashi ya baba,
ila alama ya dole gumba lake
pembeni mwa mkanda wa kumi na tisa
nimepita mbali nayo.

Siku ya tatu akaja Bibi Subilaga wa Ushirika,
sijazoea hata mlio wa mashine.
Alitaka mwanawe, aliyepigwa akiwa na miaka sita.
Hakufika saba.
Mkanda niliupata. Ukungu ulikuwa umeota
pale pale, usoni, matawi membamba
kama mizizi ya magimbi iliyooshwa.

Nikapandisha namba: elfu mbili mia nne.
Elfu nne mia nane. Elfu saba na mia mbili.
Kila nilipopandisha
niliuona ukungu vizuri zaidi.

Neno ni moja, la huu na la ule wa Rungwe,
lakini ule wa mlimani saa nne huondoka.

Nilitaka kuzima. Akanishika mkono.
Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena,
akasogea hadi pumzi yake ikatua kwenye skrini.
"Huo mkono mfukoni," akasema.
"Alikuwa ameficha njugu zangu, mwizi yule.
Nitolee mkono.
Mkubwa, kama kalenda."